Acheni kupanga orodha kwa kutoa

Kuna mstari mmoja wa lugha ya programu ya Java, wa kupanga wanafunzi kwa wastani wao, ambao, kwa maoni yangu, haufai kupita kwenye ukaguzi wa msimbo wowote:

orodha.sort((a, b) -> (int) (a.getWastani() - b.getWastani()));

Unavutia kwa ufupi wake. Java inataka namba hasi ikiwa a atangulie, chanya ikiwa b ndiye wa kwanza, sifuri wakilingana. Kutoa kunaleta majibu yote matatu. Kasoro imejificha kwenye ile (int), inayogeuza jibu kuwa namba kamili. Chukua wanafunzi watatu: Asha ana wastani wa 70.2, Baraka 70.9, Chausiku 71.6. Baraka anamzidi Asha kwa 0.7, lakini desimali ikikatwa inabaki 0. Chausiku na Baraka, vilevile 0. Chausiku na Asha ni 1.4, yaani 1. Basi umeiambia Java kwamba Asha ni sawa na Baraka, Baraka ni sawa na Chausiku, halafu Chausiku anamzidi Asha. Hakuna foleni inayoweza kutimiza maneno hayo.

Kinachofuata ndicho kinachowapotezea watu siku nzima. Tangu Java 7 ya mwaka 2011, orodha za vitu hupangwa kwa Timsort, mbinu ambayo Tim Peters aliibuni mwaka 2002 kwa ajili ya Python. Hutafuta vipande vilivyokwisha kujipanga, kisha huviunganisha. Ni wakati wa kuunganisha ndipo inapoweza kugundua kwamba umejipinga, ikasimamisha programu kwa IllegalArgumentException yenye ujumbe "Comparison method violates its general contract!" Orodha yenye vitu chini ya 32 haifiki hatua hiyo kabisa. Kwa hiyo jaribio lako la wanafunzi kumi litapita bila kelele, huku matokeo yakiwa yamepangwa vibaya, na data ya shule nzima ndiyo itakayoangusha programu. Tena si kila mara; inategemea waliingia kwa mpangilio gani.

Hata kwa int tupu kutoa si salama. Toa -2,000,000,000 kwenye 2,000,000,000: jibu ni bilioni 4, ilhali int inaishia 2,147,483,647. Unachopata ni -294,967,296, na kikubwa kinahesabiwa kuwa kidogo.

Dawa ipo tangu Java 8 ya mwaka 2014, na inasomeka kuliko kile kifupisho:

orodha.sort(Comparator.comparingDouble(Mwanafunzi::getWastani).reversed()
    .thenComparing(Mwanafunzi::getJina));

Wastani mkubwa kwanza, wakifungana, jina. Angalia sana reversed() imekaa wapi. Hugeuza kila kilichoitangulia, hivyo ukiiweka mwishoni, waliofungana nao watapangwa kuanzia Z kurudi A.

Majina nayo yana mambo yake. String hulinganishwa kwa namba za herufi, na herufi kubwa zote hutangulia ndogo, kwa hiyo "asha" aliyeandikwa kwa herufi ndogo ataangukia chini ya "Zuhura". Ongeza String.CASE_INSENSITIVE_ORDER ndani ya thenComparing. Na kama jina linaweza kuwa null (yaani halipo), lifunike kabisa:

.thenComparing(Mwanafunzi::getJina, Comparator.nullsLast(String.CASE_INSENSITIVE_ORDER))

Bila hivyo, wawili wafungane wastani na mmoja akose jina, unapata hitilafu ya NullPointerException.

Sishauri kanuni hizi ziandikwe ndani ya Mwanafunzi kwa Comparable, njia ya Java ya kuipa aina ya kitu mpangilio wake wa asili. Mwanafunzi hana mpangilio mmoja wa asili: kwenye daftari la mahudhurio anapangwa kwa jina, kwenye matokeo kwa alama, kwenye mtihani kwa namba yake. Kila orodha ibebe kanuni yake.

Onyo kubwa zaidi ni la TreeSet, mkusanyo unaojipanga wenyewe na usiokubali vitu vinavyojirudia. Yenyewe haiulizi equals, njia ya kawaida ya kujua kama vitu viwili ni sawa. Comparator, yaani kanuni ya kulinganisha, ikirudisha 0, inaamini ni kitu kilekile na cha pili hakiingii. Ukiipa kanuni ya wastani peke yake, wanafunzi wawili wenye 70.9 watabaki mmoja, bila hitilafu yoyote kuonekana. Malizia kanuni kwa kitu kisichojirudia, kama namba ya usajili: .thenComparing(Mwanafunzi::getNamba).