Kimombo hakinyooki kwa kalamu

Mwanafunzi wa Kitanzania akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Miaka minne baadaye anageuza sentensi yoyote kuwa kauli ya kutendwa kwenye karatasi, lakini mgeni akimuuliza stendi iko wapi, anatabasamu na kumsukumia mwenzake. Inaniuma, kwa sababu akili anayo na maneno anayo. Alichokosa ni mazoea ya kufungua mdomo.

Nenda Moshi ukawasikilize wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Wengine hawakufika mbali kimasomo. Lakini mgeni anataka maji ya moto, kichwa kinamgonga kwa sababu ya mwinuko, anauliza kambi imebaki umbali gani, na lazima ajibiwe. Mpagazi anakosea, haeleweki, anasema tena kwa namna nyingine, safari inaendelea. Baada ya misimu kadhaa anamwaga ung'eng'e bila kukwama, na wapo wanaopanda hadi kuwa waongoza watalii.

Darasani mambo ni mengine kabisa. Mtoto akisema "he go", darasa zima linaangua kicheko, na sifa ya Kiingereza cha kuombea maji inamganda mpaka anamaliza shule. Kesho yake hanyooshi mkono. Mwalimu anayekiacha kicheko hicho kipite anaua lugha kuliko yule anayekosea kufundisha sarufi.

Halafu kuna hili la lafudhi, ambalo naona linatusumbua bure. Lafudhi ya Kisukuma au ya Kipemba haimzuii mtu kueleweka. Shida yetu kubwa iko kwenye mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila irabu hupewa haki yake. Kiingereza huuhamisha neno kwa neno na kuzimeza irabu zinazobaki. Chukua "comfortable": sisi tunaitamka kama ilivyoandikwa, silabi zote kwa uzito mmoja, ilhali wenyewe wanasema kitu kama KAMF-ta-bo, nguvu yote mwanzoni. Ukishayanasa mapigo hayo, hata kuwasikia kunakuwa rahisi.

Njia ninayoiamini ni kumfuata msomaji wa habari wa redio: chukua sentensi yake moja, iseme kwa sauti, akivuta pumzi nawe vuta, rudia mpaka ulimi uzoee. Sentensi moja tu, wala si taarifa nzima. Fanya ukiwa jikoni au unafua.

Ila shule zitafuata mtihani siku zote. Kiingereza cha kidato cha nne hupimwa kwa maandishi, kwa hiyo mwalimu mwenye silabasi ndefu hawezi kulaumiwa akiacha mazungumzo. Baraza la Mitihani liweke dakika kumi za mtahiniwa kuzungumza na msahihishaji, zenye alama za kweli, na midahalo itarudi kwenye ratiba mwaka huo huo.