Familia za mitaani ni za nani: kaunti au serikali kuu?

Alfajiri pale Mwembe Tayari, Mombasa, kabla maduka hayajafunguliwa, utamkuta mama akikunja maboksi aliyolalia, mtoto bado kafunikwa leso. Akiona kanjo, askari wa kaunti, kwa mbali, anakunja mbiombio. Serikali anayoijua ni hiyo.

Sensa ya 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini Kenya, Nairobi 15,337 na Mombasa 7,529. Hazina ya taifa ya kuwarekebisha iliundwa 2003. Wanaotaka jukumu libaki kwa serikali kuu wana hoja nzito. Februari 2019, watoto wa mitaani wa Nakuru walisombwa usiku wakaachwa kaunti jirani ya Baringo. Lawama zikaielekea serikali ya kaunti, na Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Gavana hupimwa kwa usafi wa mji wake, na anayeitwa chokoraa, kwa kuwa huchokora jaa, huishia kuhesabiwa pamoja na taka. Tena watu hawa huhama. Kaunti ikiwapokea vizuri, itahofia kuletewa na wa kwingine.

Hofu hiyo naielewa, lakini bado naamini kazi hii ni ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Mama yule akipata mahali pa kumwacha mtoto mchana, anaweza kwenda kufua nguo za watu akalipwa. Na kijana aliyeacha kunusa gundi wiki mbili zilizopita, nani atajua kwamba ameanza kuyumba? Si karani wa Nairobi. Ni ofisa wa jamii anayepita mtaa ule kila siku na kumwita kwa jina.

Ila ofisa huyo akitumwa mikono mitupu, atabaki kutoa pole. Kwa hiyo fedha za hazina zigawiwe kaunti kulingana na idadi ya watu walioko mitaani humo, wakiwemo waliohamia. Hapo kumfukuza mtu kutaigharimu kaunti. Na lori lolote litakalobeba watu wa mitaani litembee mchana, likiwa na orodha ya majina yao, wanakopelekwa, na nani wa kuwapokea.