Hesabu za Msiba Tunasoma, za Mtaa Je?

Huku Sheffield ninakoishi, kaskazini mwa Uingereza, unaweza kuishi ukuta mmoja na mtu miaka na miaka usijue jina lake. Akifiwa hupati habari. Akiugua, unaona tu gari la wagonjwa limesimama nje. Kwa mtu aliyekulia Mabatini, Mwanza, ambako ukikohoa usiku asubuhi unaulizwa umeamkaje, maisha haya ni magumu kuyazoea, na mimi sijayazoea. Lakini watu hawahawa wasiojuana, halmashauri ikigusa kitu cha mtaani kwao, hujipanga kwa uthabiti ambao sisi wa Mwanza hatujaufikia, pamoja na undugu wetu wote. Jambo hili linaniuma, kwa sababu naamini uwezo huo tunao, tena tunautumia kila wiki. Tunautumia kila mahali isipokuwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Nianze na kisa cha miti. Mwaka 2012 halmashauri ya jiji hili iliingia mkataba wa miaka 25 na kampuni binafsi ya kutunza barabara. Ndani ya kazi hiyo kulikuwa na kukata miti ya kando ya barabara na kupanda mingine, na mingi iliyokatwa ilikuwa mizima kabisa. Wakazi wakaanza kuuliza: ni mingapi, kwa sababu gani, na imeandikwa wapi? Wengi walikuwa wastaafu na watu wa kazi za kawaida. Walipeana zamu za kuamka alfajiri, wakawa wanatumiana ujumbe wakiona magari ya wakataji, wakasimama chini ya miti. Novemba 2016, katika barabara iitwayo Rustlings Road, polisi walifika kabla hakujapambazuka, na miongoni mwa waliokamatwa walikuwemo wanawake wawili wastaafu wenye umri wa miaka sabini na kitu. Habari ile ilisambaa nchi nzima.

Kusimama chini ya mti ndiko kulikopigwa picha. Mimi kilichonigusa ni kazi iliyofanyika mezani. Watu wa kujitolea walikaa na karatasi za halmashauri usiku baada ya usiku. Waliandika barua wakitumia sheria ya haki ya kupata taarifa, inayoipa ofisi ya umma siku 20 za kazi iwe imejibu. Waliponyimwa waliandika tena. Mwaka 2018 ikajulikana hadharani kwamba mkataba ulilenga kuondoa miti 17,500, karibu nusu ya miti yote ya barabarani ya jiji. Zaidi ya 5,000 ilikuwa imeshakatwa. Mwaka huohuo ukataji ukasimamishwa, na ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2023 ikailaumu halmashauri, nayo ikaomba radhi. Hata kabla ya ripoti hiyo, wakazi walikuwa wamezunguka na karatasi za saini, sokoni na mlangoni kwa watu, wakakusanya zaidi ya 20,000 ili kulazimisha kura ya maoni juu ya namna jiji linavyoongozwa. Mei 2021 asilimia 65 ya waliopiga kura waliamua madaraka yatoke kwa viongozi wachache wa juu na kurudi kwenye kamati za madiwani.

Hakuna aliyelipwa posho kwa kazi hiyo.

Nimewahi pia kufuatana na mwenzangu wa kazini, mwanachama wa chama kimojawapo, kugonga milango kabla ya uchaguzi wa madiwani. Hakukuwa na fulana, kofia wala pesa ya nauli. Alikuwa na orodha ya majina na maswali yake: nini kinakusumbua hapa mtaani, na utapiga kura? Akiambiwa taa ya barabarani imekufa, anaandika taa. Akifungiwa mlango, anashukuru na kwenda wa pili. Nyumbani tunasema kampeni ni nyumba kwa nyumba, kitanda kwa kitanda, na kweli mabalozi wetu wa nyumba kumi wanazijua nyumba zao kuliko mgonga milango yeyote wa Uingereza. Tofauti niliyoiona ni kwamba huyu mwenzangu alirudi kwenye nyumba ileile baada ya uchaguzi, kumwambia mzee mmoja kwamba taa imeripotiwa.

Sitaki kuisifia Uingereza kuliko inavyostahili. Katika uchaguzi wa madiwani wanaojitokeza kupiga kura mara nyingi ni kama theluthi moja tu. Wanaojitolea ni walewale kila mwaka, wengi wana mvi, na wakichoka hakuna wa kupokea. Na lipo jambo ambalo hata wakijitahidi vipi hawatufikii.

Mtu akifariki Mwanza, kabla jua halijazama turubai limefungwa, viti vimekodiwa, kamati imeundwa, mwenyekiti na mweka hazina wamepatikana, na daftari limefunguliwa. Vijana wanachota maji, akina mama wameshateka meko. Hakuna aliyetuma barua ya wito. Tena nataka msomaji akumbuke kinachofanyika siku ya kuanua matanga: mtu anasimama mbele ya wote na kusoma. Zimepatikana kiasi hiki, sanda na jeneza kiasi hiki, usafiri kiasi hiki, chakula kiasi hiki, salio ni hili na amekabidhiwa fulani. Hata aliyechanga elfu moja anasikia. Mfiwa mwenyewe, pamoja na machozi yake, anasikia.

Kikoba nacho ni hivyohivyo. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu tofauti, na pesa zinahesabiwa mbele ya wanakikundi wote. Mama lishe wa Mlango Mmoja na muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, ambao pengine hawajawahi kuona ndani ya ofisi ya halmashauri, wanajua kwa vitendo kwamba pesa ya watu inahesabiwa mbele ya watu.

Sasa haohao wakivuka kizingiti cha ofisi ya mtaa, wananyamaza. Wanachangishwa ulinzi shirikishi, wanatoa. Wanachangishwa madawati, wanatoa. Wanaombwa elfu mbili "ya karatasi" kwa ajili ya barua ya utambulisho, wanatoa bila risiti. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, wanaofika wachache, na hesabu zisiposomwa hakuna anayeinua mkono.

Nilimuuliza baba yangu mdogo, anayeishi Igogo, kwenye simu.

"Shikamoo baba mdogo. Hivi mkutanoni mlisomewa mapato na matumizi?"

"Marahaba mwanangu. Hatukusomewa."

"Mbona hamkuuliza?"

"Ukiuliza, wanakuuliza wewe umetumwa na nani. Mimi nimezeeka, sitaki kuitwa mpinzani."

Jibu lake nimelifikiria sana, na simlaumu. Woga wake una mizizi. Kwetu, kugombea hata uenyekiti wa mtaa lazima uwe na chama, maana sheria haimruhusu mgombea binafsi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishasema mwaka 2013, katika shauri lililohusu Mchungaji Mtikila, kwamba zuio hilo linavunja haki za raia. Huku Sheffield mtu anahitaji saini mbili tu za wapiga kura kugombea udiwani, wala hawekei dhamana. Tena kwetu Tanzania, kuanzia 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024, chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti, na vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Mtu aliyepita katika miaka hiyo akajifunza kunyamaza, amejifunza kwa sababu.

Lakini matokeo yake ni kwamba kila kitu cha umma kimevalishwa sare ya chama. Kijana akizoa takataka kwenye kingo za Mto Mirongo, anaulizwa mwaka ujao anagombea nini. Mama akiuliza pesa za ulinzi, anaulizwa katumwa na nani. Hapo ndipo naona wenzetu wametuzidi: wale wazee wa miti walikuwa wa vyama tofauti na wengine hawakuwa na chama kabisa, na halmashauri ilipowapinga hawakutawanyika. Swali lao lilikuwa la mkazi, wakaling'ang'ania kama wakazi.

Na mwambao huu wa Ziwa umewahi kufanya hivyo, tena chini ya mkoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Walianza kwa kuweka watu wao wenyewe, waliolipwa na wakulima, wasimame vituoni kukagua uzito. Kutokana na watu wa mizani vikakua vyama vya wakulima. Paul Bomani, kijana ambaye hakuwa hata na miaka thelathini, alizunguka vijijini kuviunganisha, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, makao yake Mwanza, ambalo baadaye lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. TANU ilikuwa imefungiwa Kanda ya Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958, kwa hiyo ushirika ndiko watu walikojifunza kuendesha kikao, kuchagua viongozi na kusoma vitabu vya fedha. Mwaka 1958, watu wa Geita walipokataa baraza walilowekewa na serikali ya kikoloni, umati wao ulifika mpaka Mwanza mjini kudai kusikilizwa. Babu zetu hawakujua Kiingereza cha mkataba, lakini walijua kilo ngapi zimeingia kwenye gunia.

Mwaka 1976 serikali, yetu wenyewe safari hii, ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Vilirudishwa miaka ya themanini, lakini ile tabia ya mkulima kusimama kwenye mizani haikurudi na nguvu yake. Sungusungu walioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka hiyo walionyesha kwamba wanavijiji wanaweza kujipanga kuzuia wizi wa ng'ombe bila kusubiri mtu wa mjini. Walionyesha pia kwamba nguvu ya wananchi isiyohojiwa na yeyote inaweza kumtesa asiye na hatia, na wapo waliouawa kwa kudaiwa uchawi. Kwa hiyo hoja yangu ya hesabu inawahusu hata wanaojitolea.

Kuna siku moja ambayo nikiitaja watu wa Ukerewe wanainamisha vichwa. Alhamisi ya 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria takriban 100. Waliokufa walizidi 200. Wa kwanza kuwafikia waliokuwa majini ni wavuvi na wanakijiji, kwa mitumbwi yao, na baada ya hapo nchi nzima ilichanga. Tulijitolea kwa moyo wote, baada ya watu kufa. Najiuliza kila mara ingekuwaje kama Bugolora kungekuwa na kamati ya wakazi ya kusimama gatini kila Alhamisi, imehesabu abiria na imezoeleka hivyo kwamba nahodha hawezi kung'oa nanga bila wao kutikisa kichwa. Kamati ya namna hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji watu watatu wenye daftari na kijiji kizima nyuma yao.

Sheria za kutumia zipo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na mijini wakazi wana mkutano wao wa mtaa. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu 2016, na ofisi inatakiwa kumjibu raia ndani ya siku 30. Najua majibu yanaweza yasije. Ya Sheffield nayo hayakuja mara ya kwanza. Kinachotakiwa ni watu kadhaa wakae meza moja waandike pamoja, asitokee mzee mmoja wa Igogo akasimama peke yake na kuonekana mkorofi.

Na sisi tulio nje tuna sehemu yetu. Mimi, kwa kuwa natoka nchi ya Jumuiya ya Madola na naishi hapa kihalali, naruhusiwa kupiga kura Sheffield. Kumpigia kura diwani wa kwetu nikiwa huku siwezi. Uzito tuliobaki nao nyumbani ni pesa tunazotuma, na tumekuwa tukizituma huku tumefumba macho. Kwenye vikundi vyetu vya simu, mchango wa msiba tunaufuatilia hadi shilingi ya mwisho, halafu mchango wa choo cha shule tunaambiwa "umefika, Mungu awabariki" na tunaridhika.

Mtaa wetu sasa unachangisha kivuko cha miguu juu ya mfereji ambao masika watoto wanaogopa kuuvuka kwenda shule. Mchango wangu nimeutuma. Pamoja nao nimemwandikia mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji, kwa heshima zote anazostahili mtu anayefanya kazi hiyo bila mshahara, nikiomba mambo mawili: hesabu ya kivuko isomwe kwenye mkutano wa mtaa kama tunavyosoma ya msiba, na karatasi yake ibandikwe kwenye ubao wa ofisi, na bei ya nondo na mifuko ya saruji iwe imeandikwa. Wenzangu wa kikundi tulio Uingereza tumetia saini wote. Baba mdogo amekubali kuipeleka barua kwa mkono wake, akiongozana na mweka hazina wa kikoba cha akina mama na mwalimu mmoja mstaafu, ili asiwepo wa kuulizwa peke yake ametumwa na nani. Mkutano ukifanyika nitaandika walichojibiwa.