Vitamini E kwa mama mwenye aleji: kidonge si kijiko cha alizeti

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri wajawazito wasipewe vidonge vya vitamini E na C kwa lengo la kuboresha uzazi. Ushauri huo una msingi: majaribio yalionyesha maumivu ya tumbo na chupa ya uzazi kupasuka kabla ya uchungu vikiongezeka kwa waliomeza. Kwa hiyo mama mwenye aleji, kama pumu au ukurutu, anayehofia mtoto wake asiipate, hana sababu ya kukimbilia duka la dawa.

Lakini wengi wameuelewa kana kwamba vitamini E yenyewe haina kazi, na hapo ndipo tunapowakosea akina mama. Utafiti wa Aberdeen, Scotland, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba mama aliyekula vitamini E kidogo akiwa mjamzito, mtoto wake alielekea zaidi kupata pumu na kifua kinachopiga filimbi kufikia miaka 5. Ni kweli, anayekula vizuri huenda anaishi vizuri pia, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi chanzo. Hata hivyo unazungumzia chakula, si kopo la vidonge.

Tuhesabu basi. Mjamzito anahitaji miligramu 15 kwa siku, anayenyonyesha 19. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina 5 na ushee, nusu parachichi la Rungwe 2 hivi, konzi ya karanga kama 2 na nusu. Vijiko viwili pamoja na hivyo vinamfikisha. Ila vijiko viwili kila siku ni karibu lita nzima kwa mwezi, kwa mtu mmoja! Tuseme nyumba inatia vijiko vitatu kwenye mboga ya watu sita. Mama anaambulia nusu kijiko, yaani miligramu 3. Mafuta yenyewe yakiwa yameanikwa juani kando ya barabara kwenye chupa nyeupe, au yamekaangiwa mara ya tatu, hata hizo 3 zinapungua, maana mwanga, hewa na moto huiharibu.

Kondo la nyuma nalo ni bahili: damu ya kitovu huwa na robo tu, au pungufu, ya vitamini E iliyo kwa mama. Pengo hilo huzibwa na dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, yenye vitamini E nyingi kuliko maziwa yanayofuata. Mkunga akimwekea mtoto titi ndani ya saa ya kwanza, na bibi asiikamue dang'a akaimwaga, mtoto anaipata bila kidonge chochote.