Andagraundi Si Kisingizio cha Miksi Mbovu

Kila inapotoka albamu ya kwanza ya prodyuza wa hip hop ya andagraundi, mtu akithubutu kusema besi imemeza kila kitu na sauti za ma-MC (wanaorap) zinatoka kama zimefungiwa ndani ya debe, anajibiwa papo hapo: "Hiyo ndiyo andagraundi, ndivyo inavyotakiwa kusikika, kama ya wakongwe." Hapana. Jibu hilo linaudhi, na linawavunjia heshima wakongwe walewale wanaotajwa kama ushahidi.

Tuwaangalie hao wakongwe. Mashine yao ya kunasa sampo, yaani vipande vya sauti vilivyochukuliwa kwenye rekodi nyingine, ilikuwa SP-1200 ya E-mu, iliyotoka 1987, na ilirekodi kwa biti 12 na 26.04 kHz, yaani kwa ubora hafifu. Kumbukumbu yake yote ilibeba kama sekunde 10, na sampo moja haikuweza kuzidi sekunde 2.5. Sasa piga hesabu: baa moja kwenye mwendo wa mapigo 90 kwa dakika ina sekunde 2.67. Haiingii. Kwa hiyo santuri ya mizunguko 33 kwa dakika ilichezwa kwenye 45, baa ikabanwa hadi kama sekunde 1.98, kisha sampo ikashushwa tuni ndani ya mashine ili irudi kwenye mwendo wake. Ule ukwaruzaji mtamu kwenye snea (ngoma ya mlio mkali) za enzi hizo ulizaliwa hapo, kwa sababu mashine ilipoishusha sampo ilirudia namba zilezile za sauti bila kuzilainisha katikati. Wala hawakuacha mambo yajiendee. Mashine ilikuwa na matundu manane ya kutolea sauti: la 1 na la 2 yenye chujio linalofunguka na kufunga, la 3 hadi la 6 yenye chujio lisilobadilika, la 7 na la 8 hayana chujio kabisa. Besi ikapelekwa kwenye ya mwanzo, hai-hati (matoazi) kwenye ya mwisho. Uchafu ulikuwa na anwani yake.

DJ Shadow naye, albamu yake ya kwanza, Endtroducing....., ya 1996, aliijenga karibu yote kwa sampo za santuri kwenye MPC60, mashine nyingine ya biti 12. Isikilize kwa makini sehemu za chini. Ngoma na besi hazikanyagani.

Kinachofanyika sasa ni kinyume chake. Prodyuza ana kompyuta isiyo na kikomo cha sekunde, anamaliza mdundo, halafu anatandaza programu ya kuchafua sauti juu ya miksi nzima, yaani mchanganyiko wa sauti zote. Hai-hati inapasuka, sauti ya MC inapoteza konsonanti, kiki (ngoma nzito ya chini) inakuwa kama kadibodi. Ukitaka uchafu, uweke kwenye sampo na ngoma, chaneli kwa chaneli. Pandisha sampo nusu toni 5 kabla ya kuirekodi upya kwa kiwango kidogo cha biti na kHz, kisha ishushe nusu toni 5. Besi na sauti za watu ziache safi. Masikio yatasikia uchafu kwa sababu kuna kitu safi cha kuulinganisha nao.

Sampo ya santuri, isitoshe, ina besi yake ndani. Ukiweka besi yako juu yake bila kukata, besi mbili zinagombana, na noti inayotoka si ya yeyote kati yao. Kata sampo chini ya 150 Hz hadi 200 Hz. Ukipita hapo inakonda na joto lote linaondoka. Kama umepanga kiki mbili moja juu ya nyingine, geuza poleriti ya moja (wimbi lake lipinduke juu chini), sikiliza, na ubaki na upande wenye kifua kizito zaidi. Bado ni nyembamba? Isogeze moja kwa milisekunde moja au mbili. Kila kilicho chini ya 100 Hz kiwe mono, yaani sawa kushoto na kulia.

Lakini jambo linaloua albamu hizi kuliko yote ni jinsi sauti za ma-MC zinavyokusanywa, na hapa sina huruma hata kidogo. Prodyuza anatuma mdundo wa MP3, faili iliyobanwa. MC anarekodi juu yake kwake, anarudisha sauti peke yake. Prodyuza anaiweka juu ya WAV zake, faili zisizobanwa, na kushangaa kwa nini MC anayejulikana kwa kukaa kwenye mdundo sasa anaonekana mzito. MC hana kosa. Faili ya MP3 huongezewa ukimya kidogo mwanzoni, mara nyingi kama milisekunde 25, na programu nyingine huuacha ukimya huo pale zinapofungua faili. MC alirap sawasawa na alichosikia. Alichosikia ndicho kilichochelewa. Milisekunde 25 kwenye hip hop ni nyingi. Ni tofauti ya mstari unaogonga pamoja na snea na mstari unaoikimbiza.

Ukiwa tayari umeshatumiwa sauti za namna hiyo, mwombe MC ile MP3 kama ilivyokaa kwenye mradi wake, itolewe tangu sifuri, yaani mwanzo kabisa wa mradi, pamoja na sauti. Zifunge ziwe kitu kimoja, kuza mawimbi hadi uone kiki ya kwanza, isogeze ilingane na kiki ya WAV yako, kisha futa MP3. Usisogeze kwa kukisia. Na kwa wimbo unaofuata tuma WAV ya biti 24, kilele chake kisizidi desibeli -6, yenye mlio mmoja mfupi wa kulinganishia baa moja kabla ya mdundo kuanza. MC arudishe kila kitu tangu sifuri, mlio huo ukiwemo, sauti kavu isiyo na mwangwi wala kompresa (kibana sauti). Kubalianeni pia juu ya kiwango cha kurekodi, 44.1 au 48 kHz. Faili ya 48 ikichezwa kama 44.1 bila kubadilishwa inapungua mwendo kwa asilimia 8 na kushuka karibu robo tatu ya toni. MC anageuka mtu mwingine.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo albamu zenye miksi mbovu ambazo bado zinasimama, kwa sababu midundo yenyewe ni mizito kiasi kwamba msikilizaji anasamehe. Ila ni midundo iliyozisimamisha, na miksi nzuri ingezifikisha mbali zaidi.

Kuhusu kelele za masta, yaani nakala ya mwisho ya wimbo: Spotify kwa kawaida hulinganisha nyimbo zote kwenye takriban -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukiiminya albamu yako hadi -7, itashushwa desibeli 7, na snea uliyoiua kwa limita (kifaa kinachobana vilele vya sauti) haitafufuka. Kuhusu wageni: ma-MC 14 kwenye nyimbo 14 wanamfunika mwenye albamu. Kuhusu sampo: tangu ile hukumu ya Marekani ya 1991 iliyoanza kwa kunukuu amri ya "usiibe", kibali huombwa kabla ya kutoa, na ni viwili, cha rekodi na cha utunzi.

Mpangilio wa nyimbo nao unahitaji mkono uleule. Kama unakusudia santuri, usizidi dakika 20 au 22 kwa upande, la sivyo sauti italazimika kupunguzwa ili mifereji itoshe. Karibu na katikati ya santuri sindano inafuata mfereji unaopita polepole zaidi, na sauti za juu hupotea au kukwaruza. Kwa hiyo wimbo wenye hai-hati kali na MC mwenye "s" nyingi uanze upande, na ule mzito wa besi na sampo ya kinanda uumalize.