Sauti Iliyowasalimu Watu wa Shela

Programu ya simu iliyoniongoza katika kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, ilikuwa na sauti ya bwana mmoja mwenye adabu kupita kiasi, ambaye hakuthubutu kueleza jambo lolote kabla ya kutoa salamu kamili. Kila kituo cha matembezi kilianza kwa "Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh," kikafuatiwa na kimya kifupi, nadhani ili msikilizaji apate nafasi ya kuitikia, na ndipo historia ikaanza. Aliyeibuni anastahili pongezi, kwa kuwa wageni wengi huanza kupiga picha milango ya watu kabla ya kupiga hodi. Ila kuna mambo mawili ambayo bwana yule hakuyatia hesabuni, nayo ni kuta za mawe ya matumbawe, na wazee wanaobarizi kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, baada ya sala ya alasiri.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Simu hupokea mawimbi kutoka kwa satelaiti zisizopungua nne ili ijue iko wapi, na mtengenezaji wa programu naye huchora duara lisiloonekana kuzunguka kila jengo analotaka kulieleza, hivyo kwamba msikilizaji akiingia ndani ya duara, maelezo huanza yenyewe bila kubonyeza kitu. Mbele ya Msikiti wa Ijumaa, mahali palipo na anga ya kutosha, mpango huo ulikwenda barabara. Nilielezwa kwamba msikiti ulijengwa mwaka 1829, nikainua macho kuutazama ule mnara wake mweupe uliochongoka juu kama pia iliyopinduliwa, nikajiona msomi.

Kisha nikaingia vichochoroni. Nyumba za Shela zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zimepanda ghorofa, na zimesogeleana kiasi kwamba anga hubaki ufito mwembamba juu ya kichwa, nayo mahali pengine hufunikwa kabisa na wikio, kile chumba kinachovuka njia kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kwa mpita njia hiyo ni neema ya kivuli. Kwa simu ni balaa, kwa sababu mawimbi ya satelaiti huzuiwa na kuta, au hugonga ukuta huu na ule kabla ya kufika, na simu ikapiga hesabu za uongo. Mimi nilikuwa nimesimama tuli, lakini simu iliamini kwamba ninaruka kutoka paa hadi paa. "Upana wa chumba katika nyumba hizi," alisema yule bwana, "haukutegemea utajiri wa mwenye nyumba, bali urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari, ambayo ikizidi mita tatu hivi..." Hapo akakatika, akavuta pumzi, akanipa salamu upya, akaanza habari za watu wanaosemekana kuhamia Shela kutoka Takwa, kisiwani Manda. Hata hao hawakufika, kwa maana kabla hawajavuka mlango wa bahari nilisalimiwa tena na kurudishwa msikitini.

Yote hayo yalikuwa siri kati yangu na masikio yangu mpaka alipotokea punda. Alikuwa amebeba magunia mawili ya mchanga, moja kila ubavu, na kichochoro kilimtosha yeye peke yake. Nikajibanza ukutani na kuvuta tumbo ndani. Waya wa hedifoni ukanasa kwenye kamba ya gunia la kushoto, ukachomoka simuni, ukanitoka masikioni, na punda akakata kona akiwa ameuning'iniza ubavuni, huku kijana aliyemswaga akiwa hana habari. Simu nyingi hunyamaza waya ukichomoka. Programu hii iliona imefunguliwa kinywa.

"Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh!" ilipaza sauti, nami nikajikuta mbele ya daka lenye wazee watatu.

Wakaitikia kwa pamoja, kikamilifu, bila kupunguza hata neno. Kisha wakanitazama midomo, ambayo ilikuwa imefungwa. Nikaanza kuhangaika kuizima, lakini mzee aliyekaa katikati aliinua mkono.

"Ndoo, mwanangu, keti hapa. Mwache mwenzio aseme."

Nikaketi. Mwenzangu akasema, tena vizuri, juu ya vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, walipoungana na watu wa Pate na kushuka pwani hii hii kuja kuishika Lamu. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Watu wa Lamu wakawakabili, wavamizi wakavunjika, wakakimbilia vyombo vyao, na walipofika ufuoni wakakuta... "Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh!"

Wazee wakaitikia. Kutoa salamu ni sunna lakini kuijibu ni wajibu, na ingawa ungeweza kubishana kama wajibu huo unahusu simu, hapakuwa na mzee aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu. Vita vikaanza upya kutoka mwanzo. Wamazrui wakashuka tena, wakapigwa tena, wakakimbia tena, na kabla hawajafika majini tukasalimiwa tena. Mzee wa kulia, ambaye bila shaka kisa hicho alikijua tangu utotoni, alikuwa sasa amesogea ukingoni mwa daka.

"Wamekuta nini?" akaiuliza simu kwa ukali.

"Maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani," akamjibu mwenzake. "Wewe hujui?"

"Najua. Nataka aseme yeye."

Ndipo mzee wa katikati alipokata shauri kwamba simu inakosa hewa. Akamwita mjukuu wake, mvulana wa umri wa kwenda chuo cha Kurani, akamwamuru aipeleke mpaka ufuoni ikamalize maneno yake kisha airudishe. Sikuulizwa. Mtoto akatoka mbio, nasi tukabaki tukisikiliza salamu zikipungua nguvu kona baada ya kona, kila moja ikifuatiwa na jibu la sauti ya mwanamke kutoka ghorofani, na mara moja na komeo la mlango likifunguliwa, kwa kuwa anayesalimu mlangoni kwa watu huwa anabisha hodi. Mtoto aliporudi alifuatana na mabwana wawili na mama mmoja mwenye mwiko mkononi, ambao walitaka kumwona huyo anayesalimu nyumba za watu na kupita bila kungoja kujibiwa. Mzee akawaeleza kwamba ni mgeni wangu. Nikaomba radhi kwa niaba yake.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama nikapanda boti ya abiria kurudi mjini Lamu. Tulipoacha gati na kuingia baharini, mahali pasipo ukuta wala wikio, simu iliyokuwa mfukoni ilipata satelaiti zake zote, ikawasalimu abiria, ikaitikiwa, ikasimulia vita vya Shela kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatika hata mara moja, na kwa sababu ya mngurumo wa mashine hakuna aliyesikia ila nahodha, ambaye alipunguza mwendo makusudi. Wavamizi walikuta maji yamekupwa. Wengi wao waliuawa pale pale, na baada ya hapo watu wa Lamu walimwomba Sayyid Said wa Oman awalinde.

"Umefika mwisho wa matembezi," sauti ikamaliza kwa upole. "Kwa kituo kinachofuata, tafadhali geuka na urudi msikitini."

Nahodha akashika usukani kwa mikono miwili, akanigeukia. "Nigeuze?" akauliza. "Lakini utalipa nauli ya watu wote."