Kabla ya kinu kuna kifusi

Kijiweni kwetu Arusha, mtu akitaja umeme wa nyuklia mwenzake anajibu "Chernobyl!", kile kinu cha nyuklia kilicholipuka mwaka 1986, na mjadala umekwisha. Wasomi wanacheka, eti watu wanaogopa wasichokijua. Mimi naona waoga hawa wana hoja, ila wanatazama upande usio sahihi.

Watetezi wa nyuklia tuwape haki yao. Kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 hutoa tani 25 hadi 30 tu za fueli iliyotumika kwa mwaka, wakati cha makaa ya mawe chenye nguvu hiyo hiyo hutoa majivu ya malaki ya tani, moshi mbali. Ufini wamechimba handaki la Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, la kuzikia fueli hiyo.

Lakini hesabu yao inaanzia getini mwa kinu, na sisi kinu hatuna. Tuna urani, kule Mkuju, Namtumbo, ambako mwaka 2012 UNESCO iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe kuupisha mgodi. Mawe ya kule yana urani chini ya asilimia 0.1. Chenjua tani nzima, hupati hata kilo moja. Zaidi ya kilo 999 zinaishia kwenye bwawa la topesumu, yaani mabaki ya uchenjuaji. Na tope hilo linabaki na takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa kwenye jiwe, kwa kuwa thoriamu na radiamu, elementi nyingine za mionzi zilizomo, hazitolewi. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kile kisichofika kilo kinapanda meli, umeme unawaka kwa wengine.

Anayeijua Mererani hahitaji kuelezwa sana. Pale kifusi ni riziki: akina mama wanashinda juani na chekeche, wakisaka punje ya tanzanaiti iliyowaponyoka wachimbaji, mikono myeusi kwa kinywe, madini yale ya risasi ya penseli. Tumezoea kukishika. Grand Junction, Colorado, Marekani, nako walizoea; mchanga wa uchenjuaji wa urani ulitumika kujengea nyumba za watu, hadi serikali ikalazimika kuja kuufukua.

Hapa Njiro, Tume ya Nguvu za Atomu ina ghala la vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi, vya hospitalini na viwandani. Vinahesabika, na vimefungiwa ndani. Bwawa lililo wazi porini utalifungia wapi, na mlinzi wake atalipwa na nani mgodi ukishafungwa?